Usiifiche Taharuki Ukitafuta Tuzo: Ushauri kwa Mwandishi wa Riwaya za Vijana

"Mwalimu, shikamoo. Yangu ni ya upelelezi, kwa hiyo nimeamua niandike nyingine ya maana kwa ajili ya shindano."

Ujumbe wa namna hii huniingilia kila msimu wa tuzo unapokaribia, na kila mara unaniuma. Anayeuandika huwa ni kijana mwenye kipaji, na hadithi anayotaka kuiweka kabatini mara nyingi ndiyo bora aliyo nayo. Jibu langu halijabadilika: peleka hiyo hiyo ya upelelezi. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza. Ninaandika riwaya za taharuki kwa wasomaji wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa msomaji wa hatua ya mchujo, yule anayefungua miswada kabla haijafika kwa majaji. Nimeona kinachoangusha miswada ya vijana, na taharuki sijaiona ikiangusha muswada hata mmoja. Inayoanguka kwa wingi ni miswada iliyojaribu kuificha.

Woga huu una historia. Riwaya za upelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilisomwa kwenye mabasi, mabwenini na kambini, zikaazimwa hadi majalada yakatoka, lakini vyuoni zikawekwa kwenye fungu la fasihi pendwa na kuachwa humo kana kwamba hazina la kuchambuliwa. Kijana aliyefundishwa hivyo darasani anaamini kwamba tuzo ni za vitabu vizito na vya huzuni. Asichoambiwa ni kwamba mwaka 1957-58, Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilipoendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili, aliyeshinda alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa kisa cha mauaji na upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa kisa hicho, na kiko chake aliingia katika fasihi yetu kupitia mlango wa tuzo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba upelelezi na tuzo havikai chungu kimoja hajaanza kuhesabu mwanzo.

Lakini mfano ninaowapa vijana mara nyingi zaidi unatoka mbali, kwa sababu ni wa riwaya iliyoandikwa waziwazi kwa ajili ya vijana, na kwa sababu njia yake ya kupata sifa inaonekana hatua kwa hatua.

Angeline Boulley ni Mmarekani wa watu wa asili, wa kabila la Waojibwe wa Sault Ste. Marie, mji wa jimbo la Michigan ulio mpakani kabisa na Kanada. Ni binti wa mtunza moto wa jadi, yaani mtu anayewasha na kulinda moto wa sherehe za kabila. Wazo la riwaya lilimjia akiwa na miaka 18, rafiki yake alipomsimulia habari za mvulana mgeni shuleni kwao ambaye baadaye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa askari wa kupambana na dawa za kulevya, amejifanya mwanafunzi. Boulley akajiuliza: ingekuwaje kama askari yule angehitaji msaada wa msichana wa kawaida wa pale? Aliliweka swali hilo moyoni miaka mingi. Alianza kuliandika akiwa na miaka 44, huku akiendelea na kazi yake katika elimu ya watu wa asili, na uandishi ulimchukua kama miaka kumi. Wachapishaji 12 wakagombania muswada. Firekeeper's Daughter ikatoka Machi 2021 na kuingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vya vijana.

Mwaka uliofuata zikaja tuzo. Kwanza Tuzo ya Printz, ambayo wakutubi wa vijana wa Marekani huitoa kwa kitabu chenye ubora wa juu wa kifasihi. Kisha Tuzo ya Morris, ya wakutubi hao hao, kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi. Halafu Tuzo ya Edgar katika kundi la vijana, inayotolewa na chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi na kubeba jina la Edgar Allan Poe. Hebu tazama hizo meza zimekaliwa na nani. Za Printz na Morris zina wakutubi wanaotafuta sanaa. Ya Edgar ina mafundi wa kazi yenyewe, watu wanaojua dalili inavyofichwa na inavyofichuliwa, na huwezi kuwadanganya kwa lugha tamu kama fumbo lako lina tundu. Kitabu kile kile kikapita kote.

Kilipitaje? Nimekisoma kwa jicho la fundi, na naamini siri ni hii: humo ndani fumbo na utamaduni ni kitu kimoja. Msichana wa kati, Daunis Fontaine, ana miaka 18, mama yake ni mzungu na baba yake ni Mojibwe, na jina lake halimo kwenye daftari la wanachama wa kabila. Anaanza kila siku kwa sala na tumbaku. Anapenda kemia. Anacheza hoki. Anaijua mimea ya Kisiwa cha Sugar na wazee wake. Mauaji yanapotokea mbele ya macho yake na FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, inapomtaka asaidie kuchunguza dawa za kulevya zinazoua vijana wa jamii yake, inamtaka kwa sababu ya mambo hayo hayo: anajua kemia na anajua dawa za asili. Ukimwondoa Daunis ukamweka mpelelezi kutoka mji mwingine, kesi haiendi. Ukiondoa kabila, hakuna kesi. Msomaji wa miaka 16 anafungua ukurasa unaofuata ili ajue nani muuaji, na kwa ukurasa huo huo anajifunza namna watu wale wanavyozika na kuombea wafu wao. Mkutubi na fundi wa upelelezi kila mmoja alikuta alichokuwa akikitafuta, bila mwandishi kumpunguzia yeyote.

Nikiuweka ushauri wangu wote katika sentensi moja, ni huu: mjengee kijana wako fumbo ambalo haliwezi kufumbuliwa ila kwa yale anayoyajua yeye kwa sababu amezaliwa na kulelewa pale alipo.

Nitaeleza kwa muswada mmoja niliousoma, bila kumtaja mwandishi wala shindano. Ulikuwa wa msichana wa kidato cha tano. Hadithi ilikuwa mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, huko Mwanza, na mhusika wake alikuwa binti anayemsaidia mama yake kuanika na kuuza dagaa. Alfajiri moja anaona watu wawili wakipakia gunia la dagaa kwenye lori, na wanayumba. Basi. Mwandishi hakuongeza neno. Lakini binti yule amebeba magunia ya dagaa tangu akiwa mdogo, na anajua kwamba dagaa waliokauka vizuri ni wepesi. Gunia linaweza kuwa refu kama mtu na mtu mmoja akalirusha begani. Gunia linaloyumbisha wanaume wawili, ndani yake kuna kitu kingine. Nilisimamisha usomaji pale, nikaurudia ukurasa kwa furaha. Hakukuwa na bunduki wala simu ya vitisho. Kulikuwa na uzito tu, na mtu pekee duniani wa kuusoma uzito ule alikuwa binti wa mwaloni.

Muswada ule ulirudi kwenye shindano jingine baadaye, na kwa bahati ukaangukia tena kwangu. Kuna mtu mzima alikuwa amemshauri mwandishi auongezee "ujumbe". Gunia lilikuwa limetolewa. Mahali pake alisimama afisa wa polisi mwenye suti, amekuja kutoka Dar es Salaam, akiwahutubia wavuvi kurasa tatu juu ya uzalendo na madhara ya magendo. Binti alikuwa amebaki anasikiliza na kutikisa kichwa. Majaji waliuacha. Nilisikitika kama niliyeibiwa mimi mwenyewe, maana niliujua ulivyokuwa.

Waandishi wetu vijana wanabebeshwa mzigo wa kuonya. Kuonya si kosa, ila riwaya ya taharuki huonya kwa matokeo. Kijana akiona rafiki wa mhusika anakufa kwa sababu ya kile kilichokuwa ndani ya gunia, ameshaonywa, na hatasahau. Hotuba anaisahau kabla hajafunga kitabu. Ukitaka kujua kama umehubiri, tafuta mahali ambapo mtu mzima anazungumza zaidi ya mistari sita bila kukatizwa. Kata hapo, kisha uone kama hadithi imepungukiwa. Mara nyingi haipungukiwi na kitu.

Sambamba na hilo: mwache kijana aamue. Riwaya nyingi zinazofika mchujo humfikisha mhusika mlangoni pa hatari, halafu anaingia mjomba, mwalimu au mkuu wa kituo na kumaliza kazi. Najua chanzo chake, tumelelewa kuheshimu wakubwa na kuwaachia mambo makubwa. Lakini msomaji wa sekondari ameshika kitabu hicho ili aone mtu wa umri wake anabeba uamuzi na gharama yake. Mkubwa anaweza kuwepo, anaweza kushauri, anaweza hata kukosea. Uamuzi wa mwisho usimpe.

Sasa mambo ya mezani, ambayo hakuna anayependa kuyasikia. Kwenye mchujo miswada mingi hutoka kabla sanaa yake haijapimwa. Kanuni zinasema jina la mwandishi lisionekane ndani, na jina lipo chini ya kila ukurasa. Idadi ya maneno imewekwa wazi, na muswada umepitiliza. Kazi iliyotakiwa iwe haijachapishwa ilishawahi kutoka mtandaoni sura kwa sura, na bado ipo. Soma kanuni kwa sauti, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Halafu ziangalie kurasa zako kumi za mwanzo. Msomaji wa mchujo anasoma usiku baada ya kazi, na mbele yake kuna rundo. Ukianza na jua kuchomoza, ndege kuimba na mhusika kuamka na kupiga mswaki, umempa ruhusa ya kuchoka. Anza pale ambapo siku ya mhusika imeharibika. Jua litachomoza tu, hata usipolitaja.

Kuhusu sifa za wahakiki, kwa kweli hapa kwetu hali ni ngumu. Marekani kuna majarida kama Kirkus, Booklist na School Library Journal yanayohakiki vitabu vya vijana mfululizo, na kitabu kinachowagusa sana hupewa nyota. Mkutubi wa shule huangalia nyota hizo anapotumia bajeti yake, kwa hiyo sifa inageuka kuwa nakala zilizonunuliwa, na nakala zinageuka kuwa wasomaji. Sisi hatuna mfumo mpana wa namna hiyo kwa vitabu vya Kiswahili vya vijana. Mhakiki wako wa kwanza ni mwalimu wa Kiswahili anayekipenda kitabu na kukisoma darasani Ijumaa mchana. Wa pili ni mkutubi wa mkoa. Wa tatu ni vijana wenyewe kwenye makundi yao ya WhatsApp. Nakala zako za bure zipeleke kwa hao kwanza, kabla ya kumpelekea mheshimiwa yeyote wa kukata utepe. Mimi kitabu changu cha kwanza kilitembezwa na mwalimu mmoja wa wilayani, aliyekisoma kwa sauti mpaka wanafunzi wa mkondo wa pili wakaanza kusimama dirishani. Hakuna tangazo la gazeti lingenifanyia hivyo.

Ukihakikiwa vibaya, au ukizushiwa mjadala, vumilia na usijibu kwa haraka. Riwaya ya Kevin Brooks, The Bunker Diary, inayohusu kijana aliyetekwa na kufungiwa chini ya ardhi, ilipopata Nishani ya Carnegie ya Uingereza mwaka 2014, walitokea watu magazetini wakasema ni ya giza mno kwa vijana na haikustahili. Waliochagua walikuwa wakutubi, watu wanaoshinda na vijana kila siku, na nishani haikurudishwa. Riwaya za taharuki zitakuletea swali hilo mapema kuliko riwaya nyingine, kwa sababu ndani yake kuna damu, hofu na wabaya wenye akili. Jiandae kulijibu kwa utulivu mbele ya mzazi ukumbini: kwa nini umeandika hivi, na kwa nini umeandikia umri huu. Kama jibu lako ni "ili kisisimue", hujamjibu. Lazima kuwe na kijana fulani halisi kichwani mwako ambaye jambo hilo linamtokea na hakuna anayemwandikia.

Tuzo zenyewe zipo, na ni vizuri kuzijua. Tanzania tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hafla yake ya kwanza ilifanyika tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza wa kila kundi alipata shilingi milioni 10. Kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi ikiwa na jina la Mabati-Cornell, yenye zawadi za jumla ya dola 15,000. Hii inawahusu waandishi wa Kiswahili popote walipo, hata aliye Muscat au Bujumbura. Kenya kuna Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayosimamiwa na chama cha wachapishaji na kushindanisha vitabu vilivyokwisha chapishwa, vikiwemo vya Kiswahili na vya vijana. Chagua kwa kuangalia mambo mawili: wanapokea muswada au kitabu, na mshindi anachapishwa na nani.

Hilo la pili lina uzito kuliko fedha. Fedha za tuzo zitalipa ada, kodi ya nyumba na labda kompyuta mpakato, halafu zitaisha. Kitabu kilichochapwa vizuri na kufika madukani kitaendelea kukulipa na kukusemea. Kwa hiyo kabla hujatia saini karatasi yoyote ya ushindi, uliza haya kwa adabu na kwa maandishi: hakimiliki inabaki kwa nani? Nakala ngapi zitachapwa? Zikiisha, nani anaamua kuchapa tena, na ndani ya muda gani? Haki za filamu na redio ziko wapi? Riwaya ya taharuki ndiyo inayofuatwa na watu wa filamu na michezo ya redio, kwa hiyo usiachie kifungu kinachosema "haki zote katika aina zote" kipite kimyakimya. Kama hukielewi kifungu, mpelekee mtu anayekielewa. Chakula cha mchana utakachomnunulia mwanasheria kijana ni rahisi kuliko miaka kumi ya kujuta.

Baada ya picha na shada la maua kuna jambo ambalo washindi wengi hawaambiwi. Watu watakuja na mialiko: uwe jaji, uwe mgeni rasmi, uandike dibaji, uzungumze kwenye kongamano. Ni heshima, na mingine ikubali, hasa ya shule. Ila kitabu cha pili kiwe kimeshaanza kabla hujapanda jukwaani, hata kama ni sura moja tu. Ukipanda ukiwa huna kitu mezani, kila hafla itakuongezea uzito wa kile cha kwanza mpaka ushindwe kuandika kwa kuogopa kulinganishwa. Boulley alirudi mwaka 2023 na Warrior Girl Unearthed, kisiwa kile kile, ukoo ule ule, lakini mhusika mwingine, Perry, ambaye humwita Daunis shangazi, na uhalifu wa aina nyingine kabisa: mabaki ya wahenga na vitu vyao vitakatifu vinavyozuiliwa na wasio na haki navyo. Hakuhama mahali alipopajua ili kuwathibitishia wahakiki kwamba anaweza mengine. Alichimba pale pale, akakuta kesi nyingine.

Msichana wa mwaloni naye ameshaniandikia. Nilimwomba alirudishe gunia, amwondoe afisa mwenye suti, na anipe kitu kimoja zaidi: mama yake binti yule anajua nini kuhusu lori lile, na kwa nini amenyamaza. Amejibu kwamba sura hiyo inamtisha kuiandika. Nimemwambia aanze nayo leo usiku.